Mtani Asiyetaniwa

Jambo lote lilinigharimu wakulima kumi na mmoja na bibi mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi na wawili, lakini mmoja alikuwa ameshahamia kwa mwanawe Kilosa kabla mambo hayajaharibika, na sipendi kumbebesha mtu mzigo usio wake, hata awe mtu ninayemchukia. Basi ni kumi na mmoja walioacha kunitumia ndizi, na bibi mmoja aliyefariki bila kuitikia shikamoo yangu.

Nawaandikia nyie mnaoanza sasa kazi ya udalali wa ndizi hapa Morogoro mjini, nyie mnaopiga picha mkungu na kumtumia mteja wa Dar kabla haujashuka kwenye lori. Msikunje uso. Sisemi kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Enzi zetu tulikalia magunia mpaka migongo ikapinda. Nasema tu kwamba upo mzigo mmoja ambao simu haiwezi kuupiga picha ukauelewa, nao ni mtu. Mimi niliupokea huo, nikaupa nafasi kwenye safu yetu ya madalali sokoni, nikachelewa kuukagua.

Kwanza mjue aliyenifundisha. Bi Tatu alikuwa mkubwa wa safu, mwanamke mfupi wa Bigwa mwenye sauti ya mtu mrefu. Alinichukua nikiwa sijui hata kutofautisha ndizi mzuzu na mkono wa tembo. Somo lake la kwanza lilikuwa kuhesabu. "Hesabu kwa macho ukiwa mbali, halafu sogea uhesabu kwa mkono. Zikipingana, amini mkono." Somo la pili lilikuwa pembe. Ndizi changa ina pembe kali kama kingo za rula. Ikikomaa pembe zinalegea, ndizi inajaa, inakaribia kuwa duara. Ukivundika yenye pembe kali haiivi, inasinyaa tu.

Mimi nilijitia mjuaji. Wiki ya pili nilipokea mikungu saba ya ndizi kisukari yenye pembe za kukata mkate, kwa sababu aliyeileta aliniambia, "Dada, wewe una jicho, chagua mwenyewe." Neno hilo la "una jicho" lilinipofusha macho yote mawili. Bi Tatu hakunigombeza. Aliivundika yote saba, ndizi zikasinyaa kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, kisha akaamuru nizile mimi, asubuhi na mchana, mpaka ziishe. Siku ya nne nikamwomba msamaha.

"Usiniombe mimi," akasema. "Liombe tumbo."

Huyo ndiye mtu niliyempenda. Nasema mapema msije mkasema nilificha. Mama yangu alinizaa, Bi Tatu akanifanya mtu sokoni. Nilichokitaka kilikuwa kimoja, siku moja aseme mbele ya safu nzima, "Dija ndiye mkono wangu." Sikutaka kizimba chake wala kanga zake. Kauli hiyo tu. Niliisubiri miaka kumi na minne, na nilikuja kuisikia kweli, kwa sauti ile ile, mbele ya safu ile ile. Ila jina lililotajwa lilikuwa la Kasimu, na Kasimu alikuwa na miezi mitatu sokoni.

Kasimu alikuja kama mtani. Kwa msio wa huku, Waluguru na Wazigua ni watani. Mzigua anaweza kuingia nyumbani kwako, akakutukana, akaondoka na jogoo wako, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Kwenye msiba ndiye anayewachekesha wafiwa, na ndiye anayeshika jembe makaburini. Ni mila nzuri, imezuia ngumi nyingi. Lakini ni mlango tuliokubaliana kutouwekea komeo, na anayeujua mlango wa namna hiyo si lazima awe mgeni mwema.

Siku ya kwanza alifika na shati jeupe, jeupe la kutisha kwenye sehemu ya utomvu kama ile. Akasimama katikati ya safu.

"Waluguru! Watumwa wangu! Nimekuja kukagua shamba langu!"

Akachomoa chane ya kisukari kwenye mkungu wa Bi Tatu, akaanza kula. Bi Tatu akamtupia ganda.

"We Mzigua, kwenu njaa imeisha lini mpaka ukaota mashavu?"

"Imeisha leo, bibi. Nilipokuona wewe."

Bibi mwenye wajukuu sita akaona haya kama mwali. Safu ikacheka. Na mimi nilicheka, naomba hilo lisisahaulike. Nilicheka mwezi mzima.

Alikuwa na kipaji, siwezi kukataa. Alijua jina la kila mtoto wa kila mama pale, nani anaumwa presha, nani mumewe amepotelea machimboni. Akikuuliza habari za nyumbani anakaa chini kabisa, anakutazama, unajiona umebaki wewe peke yako duniani. Nilimwambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia hata dada yangu. Nilidhani huo ni upendo. Kumbe alikuwa anaokota funguo, moja moja, bila haraka, akijua milango ataikuta mbele.

Mimi nikaanza kuhesabu vikombe. Bi Tatu alikuja kila asubuhi na chupa ya chai yenye mdalasini wa Matombo. Kikombe cha kwanza chake, cha pili cha aliye karibu, baada ya hapo chupa inafungwa. Miaka yote hiyo, cha pili nilikipata nikiwahi. Kasimu alipokuja, kikawekwa akiba. Akichelewa, kinafunikwa na kisahani. Nimesema kisahani! Mimi sikuwahi kujua kwamba yule mama anamiliki kisahani.

Halafu akaanza kuwaelekeza wanunuzi juu ya pembe. Nilimfundisha mimi, nyuma ya magunia, siku ya mvua. Siku moja nasikia anamwambia mteja, "Mama, tazama hapa, pembe zikilegea hivi ndipo imekomaa. Hiki ni kitu nilichokigundua mwenyewe kwa kuangalia." Na Bi Tatu, aliyenifundisha mimi, niliyemfundisha yeye, anatikisa kichwa. "Mnaona kijana? Ana akili huyu." Nilitaka kusema. Lakini utasema nini? Kwamba pembe za ndizi ni zako? Nilirudi nyumbani Mwembesongo kwa miguu siku hiyo, na kila niliyempita alionekana kama mtu aliyepewa kikombe cha pili.

Sasa mfike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo madhara yalipoanza. Wakina mama wa Kinole na vijiji vya juu hawashuki na mzigo. Kila mmoja ana alama yake ya kisu kwenye kikonyo, pale mkungu unapokatwa. Mmoja anachonga msalaba, mwingine mistari miwili, mwingine anachimba kitobo. Lori linashuka na mikungu ya watu thelathini imechanganyika, na kila dalali anachambua ya watu wake kwa alama. Hakuna karatasi. Ukiona mkungu hauna alama, sheria ya safu ni kwamba unakaa kwenye rundo la mkubwa wa safu mpaka mwenyewe ajitokeze. Na mwenyewe atajitokeza vipi kama hauna alama? Kwa hiyo unakuwa wa mkubwa. Zamani ilitokea mara moja kwa mwezi, kisu kikiwa butu.

Kasimu alipopewa kazi ya kuwahi lori na kushusha mikungu, rundo la Bi Tatu likaanza kukua. "Mkono wake una baraka," Bi Tatu akawa anasema. "Tangu aje, sijui zinatoka wapi." Hapo ndipo aliposema ile kauli niliyoisubiri. Aliisema huku amemshika bega.

Mimi nilijua zinatoka wapi. Mikungu ya watu wangu ilikuwa inapungua.

Nikawahi asubuhi moja, nikachungulia rundo lile. Kikonyo kilichokatwa mlimani juzi yake kinakuwa cheusi na kikavu. Rundo la Bi Tatu lilikuwa na vikonyo vinavyolia machozi, utomvu mbichi, kisu cha asubuhi hiyo hiyo. Kasimu alikuwa anakata ncha yenye alama. Hakula hata ndizi moja ya wizi huo, hilo ndilo lililonichanganya kwa muda mrefu. Mwizi ninayemjua mimi anaiba akale. Huyu aliiba ili bibi mmoja aseme mkono wake una baraka. Nilikuja kuelewa kwamba wapo watu ambao sifa kwao ni chakula, na wakishikwa na njaa hawaulizi sufuria ni ya nani.

Nikamwita Bi Tatu. Nikamwonyesha kikonyo.

"Bi Tatu, tazama. Kimekatwa leo."

Kasimu alikuwa nyuma yangu, na hakushtuka. "Nimekata mimi, bibi. Nasafisha vikonyo vyote vipendeze, hata vya dada Dija. Utomvu unachafua nguo za wateja."

"Alama je?" nikauliza.

"Alama zipi dada? Zenye alama si nimekuwekea upande wako?"

Bi Tatu alinitazama mimi, si kikonyo. Mnanielewa? Nilikuwa namwambia kwamba baraka yake ni wizi. Nilikuwa namwomba achague kati ya kikonyo na furaha yake. Nani anachagua kikonyo?

"Dija," akasema taratibu, "tangu lini umeanza kumfuatilia mtoto wa watu?"

Wiki iliyofuata akashuka Mama Pili wa Kinole, mwenye alama ya mistari miwili, mkulima wangu wa kwanza kabisa. Aligeuza kapu lake akalikalia mbele yangu.

"Dija, nilituma mikungu tisa. Umenipa habari za sita."

"Imefika sita, Mama Pili. Nimehesabu mara mbili."

"Na mimi nilihesabu mara mbili. Sasa kati ya mara mbili zako na mara mbili zangu, mitatu imelala wapi?"

Kabla sijajibu, Kasimu akaja. Akapiga magoti kwenye maganda, kwa suruali ile safi. "Shikamoo mama." Akamshika miguu, na machozi yakamtoka. Ya kweli, nimeyaona kwa macho yangu haya. "Mama, kosa hili niwekee mimi. Dada Dija ana mambo mengi nyumbani siku hizi. Shemeji hana kazi, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mtu akibanwa anaweza kusahau. Mimi ni mtani, nimezoea kubeba. Usimwaibishe."

Mume wangu kweli hakuwa na kazi. Mtoto kweli alirudishwa. Nilimwambia mimi mwenyewe, nyuma ya magunia. Ndizo zile funguo sasa. Kwa kunitetea akawa amenihukumu, na bila kunitaja kwa ubaya hata mara moja. Mama Pili alinitazama kwa huruma, na huruma ya namna ile ni mbaya kuliko kofi. Nikapiga kelele. Nikamwita mwongo, mnafiki, mchawi, na mengine ambayo hayaandikiki. Yeye akabaki amepiga magoti, analia. Mngekuwepo nyie, mngemwamini nani?

"Umemwona?" Bi Tatu akaniambia. "Anakubebea kosa lako, na bado unamtolea macho. Huo ni wivu, Dija. Utakumaliza."

Mama Pili akahamia kwa dalali mwingine. Wakamfuata wawili. Hao watatu.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Mbwana, msukuma mkokoteni, Mzigua wa Handeni kabisa, aliyenitania tangu nikiwa msichana. Alinikuta nimekaa peke yangu nauma kucha.

"We mtumwa, mbona umenuna kama mzuzu mbichi?"

"Niache, mzee. Ndugu yako ananimaliza."

"Ndugu yangu?" Akaegesha mkokoteni, akakaa. "Sikia. Simkatai, kwetu ndiko alikotoka, kila kabila lina vyake. Ila huyu kashika utani nusu. Mimi siku ile uliniita punda mbele ya mke wangu, nilifanya nini?"

"Ulilia kama punda."

"Nililia kama punda! Na mke wangu mpaka leo akiniita kula, ananililia hivyo hivyo. Sasa niambie, huyu mmewahi kumtania nyie? Hata siku moja?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa anarusha na sisi tunapokea. Hakuna aliyewahi kumrudishia, kwa sababu alikuwa anatusifu haraka sana, mdomo wako unakuwa umejaa.

"Mtanie," Mzee Mbwana akasema. "Kidogo tu. Halafu usitazame mdomo, tazama macho."

Huu ndio ujuzi mkubwa kuliko wote nitakaowaachia, mkubwa kuliko pembe. Mtu anayependa kutania, mtanie. Anayejua kupenda watu atacheka, au atakasirika kidogo kisha acheke. Mwenye ile njaa niliyosema hawezi. Ndani yake hamna mahali pa kuwekea mzaha.

Lakini sikilizeni nilivyouharibu ujuzi huo. Kasimu alikuwa na tabia ya kujitazama kwenye kioo cha bajaji yoyote iliyoegeshwa. Kola, nywele, meno, halafu kola tena. Asubuhi moja, watu wamejaa, nikasema kwa sauti ya mnada:

"Mtani! Mwachie mwenye bajaji kioo chake. Kimekutazama tangu alfajiri, kinaomba likizo!"

Soko zima likaangua kicheko. Dereva wa bajaji akakifunika kioo kwa leso, "Pole, baba, pumzika." Watu wakashika mbavu. Nikamtazama macho. Mdomo uliendelea kutabasamu, lakini macho yalizimika. Nilihesabu mpaka tatu ndipo yakawaka tena.

"Dada Dija leo kaamka vizuri," akasema, akanipigapiga bega.

Nilirudi nyumbani nacheka njia nzima. Ndani ya wiki mbili, kule juu mlimani ikasemwa kwamba Dija anawaambia wateja ndizi za Kinole zinanuka moshi, na wenye ndizi vilevile. Wakaondoka watano kwa mpigo. Hao wanane. Mtihani ulikuwa sahihi, kosa langu ni kuufanya hadharani. Mtu wa aina hiyo mtanie pembeni, kwa jambo dogo, usome macho, uende zako umeshajua. Ukimvua nguo mbele za watu atatumia maisha yake yote kukutafutia yako. Na niseme ukweli wote, maana nimezeeka na sina cha kulinda. Mzee Mbwana alinituma kupima. Mimi nilikwenda kumuumiza. Nilitaka Bi Tatu amwone mdogo.

Wengine watatu waliondoka polepole, bila sababu, kama maji yanavyoacha ndoo iliyotoboka. Kumi na mmoja.

Kisha Bi Tatu akavimba miguu, akabaki nyumbani Bigwa. Kasimu akahamia kuuguza. Alimpikia, alimfulia, alimbeba kumpeleka msalani. Majirani wakasema Mungu amempa bibi mtoto uzeeni. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Kasimu alinikuta mlangoni, "Amelala, dada." Mara ya pili, "Anaoga." Mara ya tatu akashusha sauti, "Dada, nisikudanganye. Amesema hataki kukuona."

Nikazunguka hadi dirishani. "Shikamoo, Bi Tatu!" Nikapandisha sauti. "Bi Tatu, ni mimi Dija, shikamoo!" Nikamsikia anakohoa. Kikohozi cha mtu aliye macho. Nikasubiri marahaba yangu, nimesimama kwenye mahindi ya jirani. Haikuja. Siku tisa baadaye nikaletewa habari za msiba.

Baadaye sana binti wa ndugu yake aliniambia Kasimu alimwambia nini juu yangu. Alimwambia kwamba ninatangaza sokoni kuwa Bi Tatu amenenepa kwa ndizi za wizi. Nilitaka kuapa kwamba ni uongo. Sikuapa, kwa sababu nilisema. Kwa maneno hayo hayo, mbele ya wauza mkaa, siku nilipokuwa nimejaa hasira. Hakuhitaji kutunga kitu. Wivu wangu ulikuwa unampelekea mzigo, umekatwa na kusafishwa tayari.

Msibani, watani walifanya yao. Mzee Mbwana na wenzake walikwenda makaburini na majembe, wakarudi wamejaa udongo hadi magotini, hakuna aliyewatazama. Wote walikuwa wanamtazama Kasimu. Alivaa kanga ya marehemu, akabeba kapu lake, akatembea kama yeye, ule mwendo wa kusukuma tumbo mbele. Akahesabu mikungu isiyokuwepo, kwanza kwa mbali, halafu kwa mkono. "Zikipingana, amini mkono!" Sauti ile ile. Wafiwa walicheka huku wanalia. Na mimi nililia, lakini si kwa sababu yao. Nililia kwa sababu aliujua mwendo wake kuliko mimi. Miaka yote ile nilikuwa natazama kikombe, yeye alikuwa anamtazama mtu. Hata kama alimtazama ili amchukue, alimtazama.

Alipomaliza, wajukuu wa marehemu wakafanya kama mila inavyotaka. Mtani akishachekesha hulipwa kwa kupakwa. Wakammwagia Mzee Mbwana unga, akapiga chafya, akajifanya mzungu. Wakamgeukia Kasimu na kopo la maji ya udongo, wakalimimina kwenye lile shati jeupe.

Macho yakazimika. Safari hii nilihesabu nikapita kumi.

"Washamba nyie," akasema. Hakupiga kelele, alisema tu, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. "Mama yenu nimemuogesha mimi. Nyie mlikuwa wapi?" Kisha akatoka, kanga ya marehemu bado kiunoni, hakusubiri hata chakula, hakurudi siku ya tatu wala arobaini. Mjomba wa pale akabaki ameshika kopo. "Mtani gani huyu," akauliza, "anayekasirika?"

Sikusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza, na ilikuwa mara ya kwanza watu kuelewa.

Msidhani wale kumi na mmoja walirudi. Nilikutana na Mama Pili kwenye gulio, akanishika mkono. "Tungejuaje, Dija? Ulikuwa unasema kweli, lakini ulikuwa unaisema na uso ule." Akaendelea kutuma kwa dalali wake mwingine. Sikumlaumu. Kurudi ni kukiri, na kukiri kunahitaji nguvu kuliko kubeba mkungu kushuka Kinole.

Mjukuu wangu anasoma chuoni Mazimbu. Nilipomsimulia, akasema jambo hili lina jina kwenye vitabu vya saikolojia, neno refu la Kizungu nililolisikia mara mbili na bado halikai mdomoni. Akanisomea dalili zake. Mtu kujiona mkubwa kupita kiasi, kutaka kusifiwa bila kuchoka, kutumia watu, kutoona maumivu ya mwenzake. Akanionya kwamba kusoma dalili si kumpima mtu, hiyo ni kazi ya daktari. Nikasema sawa, nikahesabu kwa vidole hata hivyo. Kasimu alijaza karibu mkono na nusu wa vidole. Kisha akasoma moja inayosema mtu wa hivyo huwaonea wengine wivu, au huamini kwamba wengine wanamwonea wivu yeye.

"Rudia hiyo," nikamwambia. Akarudia.

Yaani dalili moja tulikuwa tumegawana, yeye nusu na mimi nusu. Mjukuu akacheka, akasema wivu wa kawaida si ugonjwa, bibi, ugonjwa ni pale mtu asipoweza kujuta. Labda. Mimi najuta, ila majuto yangu yamekuja baada ya lori kuondoka.

Nimestaafu miaka minne sasa. Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyopita nikapigiwa simu na binti wa Gairo, anaitwa Neema, ana kikundi cha wakina mama wanaolima karanga. Namba yangu kapewa na dereva wa lori.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Kuna mtu anaitwa Kasimu."

Nikakaa chini.

Wakina mama wake wanataka kumkabidhi Kasimu mavuno yote ya mwaka huu ayapokee mjini. Binti ndiye atakayesema ndiyo au hapana. "Amenitahadharisha, mama. Ameniambia Morogoro kuna mama mmoja aliyemwonea wivu sana, atamsema vibaya. Nikasema moyoni, basi nimtafute huyo huyo."

Nikampenda hapo hapo. Lakini alipolitaja jina la Kasimu kwa mara ya pili alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetazamwa vizuri, akajiona amebaki peke yake duniani. Na mimi hapa, mwanamke mzima, nyumbani kwangu, nikasikia wivu. Wivu wa karanga za Gairo nisizozijua! Nilimwambia anipigie Ijumaa.

Nina ukweli, na niko tayari kuusema. Lakini kila nikijaribu kuupanga, unatoka na uso ule aliousema Mama Pili. Na sijui kwa hakika kama nataka kuwaokoa wale wakina mama, au nataka tu Kasimu asipate mahali popote pa kupendwa. Nimejiuliza mara mbili, na majibu yamepingana.

Kwa hiyo naomba ushauri, na nauomba kwenu kwa sababu watu wa umri wangu wameshaniambia ninyamaze, na nyie ni wa umri wa Neema. Mngekuwa nyie ndio Neema, mngetaka niwaambieje? Nianze na vikonyo, au nianze kwa kukiri kwamba ndiyo, ni kweli, nilimwonea wivu, na bado namwonea? Nijibuni kabla ya Ijumaa.